Wayahudi wa Pande Mbili za Elgon

Mwalimu wetu wa historia wa kidato cha pili alikuwa na mzaha mmoja aliourudia kila muhula bila kuchoka. Alikuwa akisimama dirishani, akionyesha mahindi ya shule yaliyotanda mpaka kwenye ua, halafu anasema, "Hapa mnaposinzia, ilibaki kidogo tu pawe Israeli." Darasa linacheka. Kijana mmoja wa Moiben anajibu kutoka nyuma kwamba wao Wakalenjin walishatoka Misri kitambo, kwa hiyo hawakuhitaji barua ya Mwingereza. Tunacheka tena, kengele inalia, kila mtu anakimbilia githeri.

Sikuwahi kuuliza zaidi. Kitabuni habari yenyewe ilikuwa mistari miwili mitatu: Mpango wa Uganda, 1903, Waingereza walipotaka kuwapa Wayahudi ardhi huku kwetu. Na hilo neno "Uganda" lilinipoteza kwa miaka mingi. Niliamini mwalimu alikuwa anatia chumvi, kwamba shamba lililosemwa liko kule Entebbe au Kampala, si kwetu. Mimi ni Mbukusu wa Kitale, shule nilisomea karibu na Eldoret, na Uganda kwangu ilikuwa kwa senge yangu, yaani shangazi, aliyeolewa Mbale. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipogundua kwamba mwalimu alisema kweli. Tambarare ya Uasin Gishu ilikuwa chini ya Uganda mpaka tarehe 1 Aprili 1902, ndipo Waingereza wakauhamisha mkoa ule wa mashariki na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya. Ramani ilibadilika, lakini midomo ya wakubwa London haikubadilika.

Waziri wao wa makoloni, Joseph Chamberlain, alipanda treni ya Mombasa mwishoni mwa 1902. Alichungulia dirishani akaona nyanda za juu, baridi nzuri, nyasi, hakuna nyumba za mawe, akawaza kwamba hapa pangewafaa Wayahudi. Miezi michache baadaye, Aprili 1903, Wayahudi wa mji wa Kishinev katika dola ya Urusi walishambuliwa kwa siku mbili. Walikufa 49, nyumba na maduka yakavunjwa kwa mamia. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, alikuwa anatafuta mlango wowote ulio wazi, na tarehe 14 Agosti Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikamwandikia msaidizi wake barua: ardhi ipo, mkitaka tumeni watu wakaitazame.

Herzl aliipeleka barua hiyo kwenye mkutano wao mkuu mjini Basel. Walipiga kura, si ya kuhama, ni ya kutuma tu wajumbe wakaangalie. Walioafiki 295, waliokataa 178. Wajumbe wengi wa Urusi walitoka ukumbini, wengine wanalia kama waliofiwa. Na miongoni mwa waliokataa walikuwemo watu wa Kishinev wenyewe.

Mara ya kwanza niliposoma hilo niliweka simu chini. Mtu nyumba yake imevunjwa miezi minne iliyopita, anapewa paa, anasema hapana? Halafu nikamkumbuka mama mmoja jirani yetu, ambaye mwaka 2008 aliishi kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret baada ya fujo za uchaguzi. Alipoambiwa kuna shamba mahali pengine, mbali, ekari mbili na mabati, alijibu huku akipepeta maharage kwenye ungo: "Hilo ni shamba. Mimi nauliza nyumbani." Aliendelea kupepeta. Tangu siku hiyo watu wa Kishinev hawakunishangaza tena.

Kinachonishangaza ni kingine. Katika vurumai yote ile, Basel, London, magazeti, walowezi wa Nairobi nao wakiongozwa na Lord Delamere wakipinga kwa hasira (watu ambao masanduku yao wenyewe yalikuwa bado hayajafunguliwa vizuri), hakuna aliyeuliza kama pale mahali pana mwenyewe. Ardhi iliyozungumzwa ilikuwa kama kilomita za mraba 13,000, na ilisemwa ni tupu. Ilikuwa tupu kama nyumba ya mtu aliyeenda sokoni. Wamaasai wa Uasin Gishu, waliolipa jina, walikuwa wamevunjwa katika vita vya karne ya 19, na Wanandi walikuwa wakichunga humo. Kabla yao wote palikuwa na Wasirikwa. Ukipita mashamba ya huko leo, hasa majani yakiwa mafupi, utaona mabonde madogo ya duara kama sahani zilizozama ardhini. Ni mazizi yao ya ng'ombe ya zamani. Tulipokuwa shule tulikaa ndani ya moja, pembeni mwa kiwanja cha mpira, tukila miwa upepo usitufikie. Hakuna aliyetuambia ni kitu gani.

Wajumbe watatu walifika Mombasa Januari 1905. Meja Gibbons, Mwingereza aliyezoea safari za Afrika. Alfred Kaiser, Mswisi. Na Nahum Wilbusch, mhandisi kutoka Urusi, Myahudi pekee kati yao. Walipanda treni mpaka Nakuru, kisha wakaingia tambarare kwa miguu na wapagazi wao, wakazunguka kwa majuma kadhaa. Kuna hadithi tamu inayosimuliwa kwamba walowezi walihakikisha wageni wanapitishwa palipo na simba na tembo na morani wenye mikuki ili waogope. Inachekesha, na siwezi kuapa kwamba ni kweli. Kwenye ripoti zao habari ilikuwa kavu zaidi. Gibbons aliona panaweza kukalika na watu kadhaa. Wilbusch aliona hapafai: mbali, hakuna barabara, malisho hafifu. Nikiutazama mkoa unaolisha nusu ya nchi kwa mahindi na ngano, najiuliza huyu mtu alitembea kwa miguu ya nani. Lakini Wilbusch hakutaka Uasin Gishu tangu alipotoka kwao, alitaka Palestina, na mtu asiyetaka kuoa haachi kuiona kasoro ya bibi harusi.

Herzl hakuisoma ripoti hiyo. Alikufa tarehe 3 Julai 1904, ana miaka 44. Mkutano wa 1905 ukaikataa ardhi yetu kwa heshima zote.

Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba, orkoiyot wa Wanandi, kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Wanandi wakavunjwa nguvu na kusukumwa. Kuanzia 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaja na magari yao ya ng'ombe, wakagawana ile ardhi "tupu", na shamba namba 64 likawa mji, ndiyo maana mpaka leo wazee huiita Eldoret Sisibo, yaani "sixty-four". Na Meinertzhagen? Baadaye alipelekwa Palestina kama afisa wa siasa, akawa mmoja wa watetezi wakali kabisa wa Uzayuni katika serikali ya Uingereza. Mtu mmoja, bastola upande huu, kalamu upande ule. Mwalimu wetu hakutuambia hili, nadhani hakulijua, maana lingemfaa sana kwa mizaha yake.

Hata hivyo wapo waliosikia tangazo la Chamberlain na hawakungoja kura. Abraham Block, kijana wa Lithuania aliyekuwa Afrika Kusini, alifika Kenya 1903. Inasemwa alianza kwa kushona magodoro yaliyojazwa nyasi kavu. Mwaka 1927 akawa mwenye hoteli ya Norfolk, na 1947 New Stanley, zile mbili ambazo kila mkubwa aliyepita Nairobi alilala. Waumini wa Nairobi walijipanga tangu 1904, wakajenga sinagogi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na lile la sasa likajengwa miaka ya 50 palepale karibu na makutano ya University Way na Uhuru Highway. Nilisoma chuo ng'ambo ya barabara kwa miaka minne. Nilipita kwenye ukuta ule kila siku nikikimbilia matatu, na nilidhani ni ubalozi.

Miaka ya 30 wakaja wakimbizi wa Hitler. Baadhi yao walikuwa mawakili na wafanyabiashara, wakapewa kazi ya kusimamia mashamba ya wazungu wengine, watu wasioweza kutofautisha fahali na jike. Vita vilipoanza Septemba 1939 serikali ya kikoloni ikawakamata, kwa sababu karatasi zao zilisema ni Wajerumani. Wanaume kambini, wanawake na watoto wakafungiwa kwenye hoteli, Norfolk ikiwa mojawapo. Fikiria: umemkimbia Hitler mpaka Nairobi, unakamatwa kama mtu wa Hitler, unafungiwa kwenye hoteli ya Myahudi mwenzako. Hawakukaa sana, jamaa zao wa mjini waliwatetea.

Gilgil ndiyo sura nisiyoielewa kwa nini haifundishwi. Kuanzia 1947 Waingereza walileta huko mamia ya wapiganaji wa Kiyahudi waliokamatwa Palestina, kwanza walikuwa wamewazungusha Eritrea na Sudan. Mmoja wao, Meir Shamgar, alisoma sheria kwa barua na Chuo Kikuu cha London akiwa nyuma ya seng'enge, na baadaye akawa rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli. Mwingine, Yaakov Meridor, alitoroka na wenzake mwaka 1948 wakapitia Uganda na Congo mpaka Ulaya. Waliobaki walirudishwa Julai 1948, nchi yao ikiwa tayari na miezi miwili. Ukipita Gilgil kwenye basi leo utanunua karoti na viazi na kuendelea.

Ila niliyotaka kuandika hasa yako upande wa pili wa mlima.

Mwaka jana senge alikuwa mgonjwa nikaenda kumwona. Nilipitia Lwakhakha, unavuka daraja, boda boda wa Uganda anakupokea kabla hujamlipa wa Kenya, halafu matatu, ambayo kule ni "takisi", mpaka Mbale. Nimezoea kuuona Elgon magharibi, jua likizama nyuma yake. Kule uko mashariki. Kwa mtu wa Kitale ni kama kuona mtu unayemjua amevaa shati kinyume.

Nilimkuta senge ameshapata nafuu, anagombana na wajukuu. Ilikuwa Ijumaa. Nikamuuliza kama anawafahamu wale Wayahudi Waafrika wa Nabugoye, kilima kilicho karibu na Mbale. "Bayudaya?" akasema, kama nimemuuliza kama anaifahamu chumvi. "Wale ni jirani. Lakini kesho usiende kununua kitu kwao. Jumamosi hata ufe njaa hawakuuzii nyanya." Kisha akaniuliza kama nimekuja kumtazama yeye au kutazama Bayudaya. Nilinyamaza, akacheka, akamwita mjukuu anisindikize.

Mtu aliyeanzisha jambo hili hakuwa Mgisu wala Mzungu. Ni Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyezaliwa 1869, mwindaji wa tembo, Mkristo wa Kiprotestanti, aliyesaidia kuwakamata wafalme Kabalega na Mwanga mwaka 1899. Baadaye akaingia mashariki na bunduki na Waganda wake, akawatiishia Waingereza nchi nzima ile, akijenga ngome na kukata barabara. Aliamini atapewa awe mfalme wa Bukedi. Waingereza walipoona kazi imekwisha, wakamvua madaraka hatua kwa hatua na kumwachia eneo la Mbale. Angalia miaka: ni wakati uleule. Upande wa magharibi wa Elgon wanamnyima ardhi aliyewatekea, upande wa mashariki wanawagawia wasioomba.

Baada ya kuongoza baraza la Busoga mpaka 1913, Kakungulu aligeuka mtu wa vitabu. Alijiunga na Wamalaki, madhehebu ya Buganda yaliyokataa dawa za hospitali. Alisoma Agano la Kale kwa Kiganda mstari kwa mstari, na kila aliposoma aliona mambo ambayo wamishonari waliyaruka. Mwaka 1919 akafikia tohara, akajitahiri, akawatahiri wanawe. Wenzake wa Malaki walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akasema, kama ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa Nabugoye, na mimi naipenda kwa sababu ni jibu la mtu mkaidi na pia ni jibu sahihi.

Nina dhana yangu, mnisamehe. Waganda hawatahiri kwa mila. Lakini Kakungulu alikuwa anaishi chini ya mlima wa Wagisu, ndugu zetu Wabukusu, ambao kwao mwanaume asiyepita kisu ni mtoto hata akiota mvi. Kwa Mganda wa Kampala tohara ilikuwa kitisho. Kwa majirani zake wa Mbale yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya mwaka wa shufwa, mwaka wa kutahiri.

Mwaka 1920 alipita Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosef tu. Alikaa nao karibu miezi sita. Kabla yake walikuwa bado wanabatiza na kuchanganya mambo ya Kikristo. Yeye aliwafundisha kalenda, sikukuu, na namna ya kuchinja, kisha akaenda zake. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha mwongozo cha kurasa 90 kwa Kiganda. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, na jumuiya ikabaki bila jemadari, bila rabi, na kwa miaka mingi bila Wayahudi wa dunia kujua kwamba wapo. Mwanafunzi mmoja wa Kiisraeli wa Makerere, Arye Oded, aliwatembelea mapema miaka ya 60 akaandika habari zao. Baadaye alikuja kuwa balozi wa Israeli Nairobi.

Halafu Amin. Alipiga marufuku ibada yao, masinagogi yakafungwa. Wengi wakawa Wakristo au Waislamu, wakabaki mia tatu hivi kutoka maelfu. Waliobaki waliswali gizani. Mzee niliyemkuta nje ya sinagogi, kofia ndogo ya kufumwa kwa uzi wa rangi nne kichwani, aliniambia babake alikuwa akimtuma akae njiani na mbuzi mmoja, na mtu akija amchape mbuzi alie. "Mbuzi yule alisikia Torati nyingi," akasema.

Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, usiku ambao Wayahudi wote duniani hukaa mezani kusimulia jinsi walivyotolewa mikononi mwa Farao. Vijana wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania waliotembea kwa miguu kutoka Kagera hawakuwa na habari hiyo, wao walikuwa wanatafuta maji na sigara. Nabugoye wanayo. Mzee alinisimulia huku akihesabu kwa vidole kana kwamba anathibitisha risiti.

Tuliingia jua linazama. Matofali mekundu, viti vya plastiki, mishumaa. Wimbo wa kuikaribisha Sabato ulianza kwa gitaa na ngoma, maneno ya Kiebrania, mdundo wa kwetu kabisa, kisha Zaburi kwa Kiganda. Msichana wa miaka sita hivi nyuma yangu alikuwa anaimba kwa sauti kubwa kuliko wote, akipotea na kurudi. Wakimaliza wanapeana mikono, "Shabbat shalom." Mjukuu wa senge akajibu "Mulembe," salamu yetu. Neno lilelile, amani. Kahawa ya ushirika ulioanzishwa hapa mwaka 2004 na JJ Keki, ambao wanachama wake ni Wayahudi, Waislamu na Wakristo, nayo inaitwa Mirembe Kawomera, amani tamu.

Leo wako kama elfu mbili. Rabi wao Gershom Sizomu alisomea Los Angeles, akapata daraja 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo wapiga kura wengi si Wayahudi. Marabi wa Marekani walikuja 2002 wakawapitisha mamia katika maji ya uongofu, na mwaka 2016 shirika la Jewish Agency likawatambua. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli imekuwa na shingo ngumu zaidi, wamenyimwa viza na wamekataliwa uhamiaji. Nilimuuliza mzee kama hilo linamuuma. Alisema linamuuma kijana wake aliyetaka kwenda kusoma. Yeye mwenyewe ana migomba.

Nikamuuliza pia jambo la kipumbavu lililokuwa linanisumbua kama Mbukusu: mwaka wa imbalu, tohara yetu, ukifika, wavulana wa rika lao wakicheza ngoma barabarani, watoto wa Kiyahudi wanafanyaje, na wao walishatahiriwa siku ya nane? Alicheka mpaka akashika goti. "Ngoma wanacheza," akasema. "Kisu ndicho kinakuta kazi imekwisha."

Walituwekea matoke, maharage, na kuku. Wakati wa kuaga akaniuliza natoka upande gani wa Kenya. Nikasema nyumbani Kitale, shule Eldoret.

"Ah. Kule walikopewa."

"Kulekule."

"Wakakataa." Alitikisa kichwa, akitazama mlima ambao sasa ulikuwa mweusi tu. "Na mahindi mwaka huu?"

Nikamwambia mvua ilichelewa, na viwavi wameingia.